Miaka 15 ya Binti: Historia ya Kifungu cha 13

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliisaidia Tanzania Bara kuipita Kenya katika kuunganisha sheria za ndoa, ingawa Kenya ndiyo iliyotangulia kulifikiria jambo hilo. Tume iliyoongozwa na Jaji Spry mwishoni mwa miaka ya 1960 ilipendekeza ndoa za kimila, za kidini na za kiserikali ziwekwe chini ya sheria moja, lakini muswada wake ulikwama bungeni Nairobi. Dar es Salaam ikalichukua wazo hilo, ikatoa Waraka wa Serikali Na. 1 wa 1969 ili wananchi waujadili, na baada ya miaka miwili sheria ikapatikana. Kenya ilisubiri hadi 2014.

Kuiunganisha nchi yenye Waislamu, Wakristo, Wahindu na mila chungu nzima kulidai maridhiano, na mzigo wa maridhiano hayo ukatuliwa begani mwa binti. Kifungu cha 13 kiliweka umri wa chini wa ndoa kuwa miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana. Kifungu cha 17 kikadai ridhaa ya baba kwa binti ambaye hajatimiza miaka 18. Baba akiwa amefariki, mama. Wote wakiwa wamefariki, mlezi. Mahakama nayo ilipewa uwezo wa kuruhusu hata aliyefikisha miaka 14 pekee. Tuwatendee haki waliotunga: Kanuni ya Adhabu iliyorithiwa kwa mkoloni ilikuwa ikivumilia binti wa chini ya miaka 12 aozwe kimila, ilimradi mume asimwingilie kabla hajafikisha umri huo. Ukilinganisha na hapo, 15 ilikuwa hatua.

Kosa ni kubaki pale pale. Mwaka 1991 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto. Mwaka 1994 Tume ya Kurekebisha Sheria ilishauri Sheria ya Ndoa irekebishwe. Kisha ikaja Sheria ya Mtoto ya 2009, iliyofuta sheria kadhaa zilizotawanyika, mojawapo ikiwa ile ya enzi za ukoloni iliyoweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi kwa matunzo ya mtoto wa nje ya ndoa. Sheria hiyo mpya ilitamka kwamba mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18. Lakini ndoa haikuigusa. Mtu yule yule akawa mtoto katika sheria moja na mke halali katika nyingine.

Watafiti hawakunyamaza. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2010 ulionyesha kuwa asilimia 37 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Shinyanga ilikuwa asilimia 59. Mwaka 2015-16 kiwango cha taifa kilikuwa kama asilimia 31. Kinashuka, tena taratibu mno.

Januari 2016 Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa Msichana Initiative, alifungua shauri Mahakama Kuu akidai vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba. Julai mwaka huo alishinda, na Serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba tofauti ya umri ililenga kumlinda binti anayepata mimba nje ya ndoa. Hoja hiyo inasikitisha: binti aliyekosewa anapewa ndoa kama dawa, na aliyemkosea anageuka mume. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupilia mbali rufaa hiyo.

Kufikia mwisho wa 2024 Bunge lilikuwa bado halijavibadilisha vifungu hivyo. Wapo wanaosema jamii zishirikishwe kwanza, dini zisikilizwe. Zilisikilizwa tangu Waraka wa 1969, na mahakama ya juu kabisa nchini imekwishaamua. Wabunge hawahitaji utafiti mwingine wala kesi nyingine. Waandike miaka 18 kwa mvulana na kwa msichana, na ridhaa ya mzazi isiwe tena mlango wa kumwoza mtoto.