Bunduki ya wenzo kwa ulinzi wa nyumba: ya kujua kabla ya kuitamani

Kijana mmoja wa Wenje alinionyesha video kwenye simu yake. Mzee wa Kimarekani ameketi barazani kwake, mezani ana bunduki tatu za mbao na chuma, anaeleza ipi inafaa kulinda nyumba usiku. Ni zile tunazozijua kwa sinema za makauboi: mpigaji husukuma mkono wa chuma ulio chini ya bunduki, huurudisha, na risasi nyingine iko tayari. Kijana akaniuliza: "Ami, hii si bunduki ya vita. Mtu akiitaka kwa halali hapa kwetu, hawezi kuipata? Na akiipata, aichague na kuiweka vipi?"

Swali lake si la kuchekwa. Anayeishi Wenje, kati ya Hola na Garsen, anajua maana ya kulala sikio moja likiwa nje. Mifugo huibwa, barabara ina siku zake mbaya, na sisi tulio watu wazima hatujasahau 2012. Kwa hivyo nimeona nimjibu hapa, ili na wengine wenye swali hilo wapate. Nitaanza na bunduki yenyewe, kisha sheria, kisha namna ya kuichagua na kuiweka kwa mwenye cheti. Ninavyoona mimi nitasema mwishoni.

Bunduki yenyewe

Jina lake linatokana na ule mkono, yaani wenzo. Ukiusukuma chini na mbele, ganda la risasi iliyopigwa hutoka na nyundo ya bunduki hujikoki. Ukiurudisha, risasi mpya huingia kwenye mtutu. Kila risasi inahitaji kazi hiyo ya mkono, ndiyo maana haihesabiwi pamoja na bunduki zinazojikoki zenyewe.

Henry ya 1860 ndiyo iliyoipa sifa aina hii huko Marekani, zikafuata Winchester za 1873 na 1894. Katika nyingi kati ya hizo, risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine ndani ya bomba lililo chini ya mtutu. Hapo pana jambo la kukumbuka: ncha ya risasi moja hugusa kitako cha risasi iliyo mbele yake, mahali penye kiwashio. Risasi yenye ncha kali inaweza kuiwasha mwenzake ndani ya bomba. Kwa hiyo bunduki za bomba hutumia risasi za ncha bapa au butu, au zile chache zilizotengenezwa kwa ncha laini kwa ajili yake. Winchester ya 1895, iliyobuniwa na John Browning, iliepuka tatizo hilo kwa kuweka risasi ndani ya kisanduku badala ya bomba.

Hiyo ya 1895 imewahi kupita pwani yetu. Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa Aprili 1909 kwenda bara kuwinda, na moja ya bunduki alizotumia kwa simba ilikuwa hiyo. Lakini Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kazi iliyoileta bunduki ya namna hii huku kwetu ikaisha siku hiyo.

Sheria inasemaje

Katika Marekani kumiliki bunduki ni haki iliyomo kwenye katiba. Kwetu ni ruhusa, na ruhusa hutolewa na huondolewa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka kila mwenye bunduki awe na cheti, nacho hutolewa kupitia Bodi ya Leseni za Silaha. Mwombaji lazima aonyeshe sababu ya maana, na bodi iridhike kwamba kumpa hakutawahatarisha wengine. Mlevi hapewi, wala mtu asiye na akili timamu. Cheti hutaja bunduki ile ile na kiasi cha risasi. Hakikuruhusu kuongeza ya pili, wala kumwazima ndugu yako hata kwa usiku mmoja. Tena hakikai milele bila kuangaliwa: Desemba 2018 serikali iliwaagiza wote wenye vyeti wajitokeze wahakikiwe upya.

Bunduki za kivita kama AK-47 na G3 si za raia. Ya wenzo haimo katika kundi hilo, lakini ukale wake haukuondolei haja ya cheti. Kukutwa nayo bila cheti ni kifungo cha miaka. Anayekuambia kuna njia ya mkato kupitia mtu fulani anakuuzia gereza.

Polisi wa akiba, ambao wengi bado tunawaita homugadi, ni habari nyingine. Hao wako chini ya Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, na bunduki wanayobeba ni mali ya serikali. Haiwi ya mtu binafsi, wala ya ukoo.

Halafu kuna suala la kuitumia. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba kujitetea, au kutetea mali, kutapimwa kwa misingi ya sheria za kawaida za Kiingereza. Kwa lugha ya barazani: nguvu uliyotumia ilingane na hatari iliyokukabili. Mwizi anayekimbia na mbuzi wako amekupa mgongo. Ukimpiga risasi, utaulizwa mahakamani ulikuwa unazuia hatari gani.

Kwa mwenye cheti: kuchagua

La kwanza ni risasi. Kuna bunduki za wenzo zinazotumia risasi za uwindaji, kama .30-30, na nyingine hutumia risasi za bastola, kama .38 na .357. Kwa mtu wa nyumbani, za bastola hazimsukumi sana begani na ni rahisi kujifunzia shabaha. Lakini asidhani ni dhaifu. Zikipigwa kwenye mtutu mrefu hupata kasi zaidi kuliko kwenye bastola.

La pili ni urefu. Mtutu wa inchi 16 hadi 20 unatosha. Mrefu zaidi utagonga fremu ya mlango na kunasa kwenye chandarua.

La tatu ndilo wengi hawaliulizi: bunduki hii hutolewaje risasi? Katika nyingi za zamani, kuitoa risasi bila kupiga ni kuzungusha wenzo mpaka ya mwisho itoke, na kila moja hupita kwenye mtutu ikiwa tayari kulipuka. Kidole kikiteleza, imekwenda. Aina nyingine zina bomba la ndani linalochomolewa na risasi zikamiminika bila kupita huko. Mwenye watoto nyumbani atafute hiyo. Zaidi ya hapo, bunduki za zamani hazina kufuli ya usalama ya kubonyeza. Kuishusha nyundo kwa kidole gumba wakati risasi imo ndani ni kazi inayohitaji mkono mkavu na akili iliyotulia, na saa nane za usiku huna vyote viwili.

Kuiweka na kuitunza

Darubini haina kazi usiku ndani ya nyumba. Shabaha za kawaida za chuma zatosha. Kinachohitajika zaidi ni tochi nzuri, kwa sababu huna ruhusa ya Mungu wala ya serikali kupiga kitu usichokiona. Anayenyemelea gizani anaweza kuwa mwanao aliyetoka kujisaidia.

Mtutu ukae bila risasi. Bunduki iwe ndani ya sefu ya chuma iliyofungwa ukutani au sakafuni, risasi ziwe mahali pengine penye kufuli, na ufunguo uwe kwa mwenye cheti peke yake. Mazoezi yafanywe kwenye uwanja wa shabaha unaokubalika, na masikio yakingwe. Asiyefanya mazoezi hana ulinzi, ana mzigo.

Unyevu wa bonde la Tana hula chuma upesi. Ifutwe kwa mafuta mara kwa mara, mtutu usafishwe, wenzo uchezeshwe ikiwa tupu. Na kuna hesabu ambayo yule mzee wa video hana haja nayo: mafuriko. Mto ukifurika, familia huhamia sehemu za juu na kulala kwenye mahema, watoto wa nyumba kumi wakiwa pamoja. Bunduki haiwezi kuachwa kwenye sefu iliyozama, wala haiwezi kulala chini ya godoro hemani. Mwenye cheti apange mapema na kituo cha polisi ili maji yakija aikabidhi huko ihifadhiwe.

Dini yetu nayo ilishatangulia katika haya. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, hata kwa mzaha, kwa sababu mkono unaweza kuteleza. Wakati huo silaha ilikuwa upanga na mshale. Na ni kweli pia kwamba Uislamu unampa heshima anayeuawa akitetea mali yake. Lakini heshima hiyo haimhusu anayempiga jirani kwa kukosea.

Mtihani wa ukuta

Hapo ndipo nilipomwambia kijana, "Twende kwenu." Tukasimama ndani, mahali alipodhani angesimama mwizi akiingia. Nikamwambia ainyooshe fimbo yake kama bunduki kuelekea mlangoni, kisha aniambie nyuma ya ukuta ule analala nani.

Ukuta ni wa miti na udongo. Risasi ya bunduki haijui kwamba huo ni ukuta. Hupita udongo, hupita mabati na makuti, na ikitoka bado ina nguvu ya kuua. Nyuma ya ukuta ule analala bibi yake na wajukuu watatu. Hatua thelathini mbele yao ni nyumba ya ami yake. Tukageuka upande wa pili: jiko la mama yake, kisha njia ya kwenda mtoni. Alizunguka chumba chote na fimbo ile asipate upande hata mmoja wa kupiga bila mtu wa kwao kuwa mbele.

Kila anayefikiria kuomba cheti aufanye mtihani huo kwanza. Nyumba ya mawe yenye ua mpana ni jambo moja. Vijiji vyetu tumevijenga kwa kukaribiana, na kukaribiana huko ndiko kunakotufanya tusikie mwenzetu akipiga ukelele.

Ninavyoona mimi

Sisemi cheti ni haramu. Wapo wenye sababu, na sheria imewawekea mlango. Lakini nakumbuka mwaka 2012. Agosti 22, alfajiri, Riketa ilishambuliwa, na watu wapatao hamsini waliuawa, wengi wao wanawake na watoto, kwa mapanga, mishale, mikuki na moto. Septemba ikawa Kilelengwani, na waliouawa huko walikuwemo polisi, watu wenye bunduki na mafunzo. Desemba ikawa Kipao. Wapokomo walizika, Waorma walizika. Mtu mmoja mlangoni mwake na bunduki ya risasi nane asingezuia lolote katika yale. Tena habari ya kwamba fulani ana bunduki haikai siri. Upande wa pili nao hutafuta yao, na si wote watakaopitia kwa bodi.

Kinachoilinda nyumba ya Wenje usiku ni vitu vya bei nafuu: taa ya sola nje ya mlango, komeo imara kwa ndani, mbwa anayebweka, nambari za chifu, za polisi wa akiba na za majirani zikiwa tayari kwenye simu, na ishara ya dharura inayojulikana na kijiji kizima, iwe filimbi au bati la kugongwa. Juu ya hayo, wazee wa Gasa kwa Wapokomo na wa Matadeda kwa Waorma wakae pamoja kabla ya ng'ombe kuingia shambani, wasisubiri mpaka damu imwagike. Vijana nao waende wakasikilize.

Yule kijana aliirudisha fimbo pembeni, akaniuliza taa ya sola inauzwa kiasi gani Garsen. Nikampa nambari ya fundi.