Aanze na Nyoka Gani

Vijana wanaotaka kufuga nyoka huja kwangu na swali moja: nianze na yupi? Nilifundisha baiolojia sekondari hadi nilipostaafu, na wanafunzi wangu wa zamani hunitumia watoto wao wakiwaona wameshikwa na hamu hiyo. Wengi huwa wamekwisha kuchagua kabla ya kubisha hodi. Wanataka chatu, kwa kuwa ndiye wanayemwona kwenye simu akiwa shingoni mwa mtu anayecheka. Mimi huwaketisha barazani nikawasimulia kwanza habari za watu walioishi na nyoka katika nchi hii, na za uwanja wa Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, nilikowaona baadhi yao kwa macho yangu. Katika kazi ya watu hao, kama nilivyoiona, mwanafunzi hakujichagulia nyoka wa kwanza. Mwalimu ndiye aliyemchagulia, naye alikuwa na sababu zake.

Uwanja wenyewe ulizaliwa na ubaguzi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia watawala wa Kiingereza waliutenga ukanda huu ukae wazi kati ya Uhindini na Kariakoo, wakisema ni kwa ajili ya afya, ili makazi ya Waafrika yawe mbali na ya wengine. Lakini mahali palipo wazi katikati ya mji hapakai bure. Pakawa pa sikukuu ya Idi, pa Maulidi, pa mikutano ya siasa. TANU iliasisiwa hatua chache tu kutoka hapo, tarehe 7 Julai 1954, kwenye mtaa ambao leo ni Lumumba na wakati ule uliitwa New Street. Penye watu wengi na mganga huja na sanduku lake.

Na watu wa bara hawakuwa mbali. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao walipiga kambi Kariakoo, kwenye jengo la soko lililojengwa na Wajerumani. Miaka iliyofuata walikuja wengine kutafuta kazi bandarini, relini na majumbani, wakapanga vyumba katika nyumba za Kiswahili. Mtaa wa Nyamwezi ungali na jina hilo hadi leo. Kila kabila lilikuja na ngoma zake, na waliotoka Unyamwezi na Usukuma walikuja na jambo moja ambalo sisi wa pwani tulilitazama kwa hofu: ujuzi wa nyoka.

Nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi tulikuwa tukivuka Mnazi Mmoja tukitoka madarasani, na siku za mkusanyiko tulimkuta mzee mmoja wa Kisukuma akiuza dawa. Alichora duara chini kwa majivu, akatukataza kulivuka. Sanduku lake la mbao lilikuwa na matundu madogo ubavuni na komeo la chuma. Kwanza alimtoa chatu, watu wakapiga kelele. Kisha alimtoa kifutu, watu wakanyamaza. Hapo ndipo alipouza dawa yake ya kuumwa na nyoka, huku akieleza namna ya kuichanjia mwilini. Kando yake alikaa mvulana wa rika langu, na mikononi mwa yule mvulana hakukuwa na chatu wala kifutu. Alishika nyoka mwembamba wa rangi ya kahawia, mwenye mistari miwili iliyofifia kichwani, akimpitisha kutoka kiganja hadi kiganja jioni nzima. Hakuna aliyemtazama isipokuwa mimi.

Nilipata ujasiri nikamwamkia mzee, shikamoo, nikamuuliza mbona kijana wake hapewi nyoka wa maana. Alinijibu kwa upole ambao sijausahau. Chatu, alisema, ni wa watazamaji. Kifutu ni wa kuithibitisha dawa. Huyu mdogo ni wa kufundishia mkono. Mpaka mkono uache kubana, uache kustuka, uache kumfuata nyoka kwa pupa anapogeuka, hautashika kingine. Nimesoma vitabu vingi vya nyoka tangu siku hiyo, na sijakuta maelezo yanayozidi hayo.

Ukubwani ndipo nilipojua kwamba nyuma ya yule mzee kulikuwa na chuo kizima kisicho na majengo. Mwaka 1926 msafara wa Smithsonian, uliogharamiwa na Walter Chrysler, tajiri wa magari wa Marekani, uliteremka Dar es Salaam kuja kukusanya wanyama hai kwa ajili ya bustani ya wanyama ya Washington. Mmoja wa wasafiri hao, F. G. Carnochan, alifika hadi Unyamwezi akakutana na chama cha watu wa nyoka, na mwaka 1935 akatoa kitabu kuhusu habari hizo, The Empire of the Snakes. Kina chumvi nyingi, nami hukisoma kwa tahadhari. Namwamini zaidi Hans Cory, aliyefanya kazi ya utafiti wa jamii katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Mwaka 1946 aliandika juu ya Buyeye, chama cha siri cha wakamata nyoka wa Usukuma. Wanachama wake, Bayeye, walikuwa na unyago wao, dawa zao na chanjo zao. Walikamata nyoka, waliwatibu walioumwa, na walicheza nao ngomani.

Ngoma hiyo ilikuwa na ushindani mkali. Wasukuma husimulia juu ya waganga wawili, Gumha na Ngika, walioshindana kuvuta watazamaji, kila mmoja akitegemea dawa yake. Wafuasi wao ndio Bagalu na Bagika, pande mbili ambazo hadi leo hupambana kwa ngoma baada ya mavuno. Katika mapambano hayo nyoka huletwa uwanjani ili watu waukimbie upande wa pili. Padri David Clement, Mkanada aliyeijenga Bujora nje ya Mwanza, aliyahifadhi mambo haya katika makumbusho yake. Anayetaka kuelewa kwa nini chatu ndiye nyoka wa jukwaani aende huko. Ni mkubwa, hana sumu, rangi zake huonekana kwa mbali, na mchezaji aliyemzoea humbeba begani huku miguu ikiendelea na ngoma. Kazi hiyo ni ya mtu mzima aliyefunzwa, mwenye wenzake pembeni. Kijana wa chumba kimoja Kariakoo hana hata kimoja cha hivyo.

Wapo vijana ambao hawanitajii chatu. Wananitajia Ionides. Huyu ni C. J. P. Ionides, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1901, akawa mwanajeshi, kisha mwindaji haramu wa pembe za ndovu, na mwisho askari wanyamapori mkubwa wa kusini mwa Tanganyika; pori la Selous lilipata sura yake kwa kiasi kikubwa mikononi mwake. Watu wa Liwale walimwita Bwana Nyoka. Kule Newala alikuwa akiletewa habari kwamba nyoka ameonekana, akaenda na fimbo yake ndefu yenye koleo, akamtoa juu ya mwembe au mkorosho yule nyoka wa kijani, ndugu yake koboko. Vifutu wa Gabon aliwainua kwa mkono. Nyoka wake walikwenda kwenye makumbusho na bustani za wanyama za nchi nyingi, na habari zake zikaandikwa vitabu. Alifariki mwaka 1968.

Namheshimu Ionides kwa alivyowajua nyoka wetu. Lakini nyoka walimuuma mara nyingi, na hilo vijana hulipita haraka. Kifutu wa Gabon ni mtulivu kuliko nyoka wengi wasio na sumu. Anaweza kulala juu ya majani makavu ukapita karibu naye asijisumbue. Utulivu huo ndio mtego. Nyoka wa mwanafunzi lazima awe yule ambaye mwanafunzi akikosea, na atakosea, adhabu yake ni alama ndogo za meno na kunawa kwa sabuni.

Baada ya enzi ya Ionides biashara ya kusafirisha nyoka hai iliendelea, na hapo mchaguzi akawa mnunuzi wa ng'ambo. Mfugaji anayeanza Ulaya au Marekani mara nyingi hushauriwa amchukue nyoka mfupi mnene wa mchangani, anayepatikana Kenya na kaskazini mwa Tanzania, au chatu mdogo wa Afrika Magharibi ambaye akiogopa hujikunja akaficha kichwa katikati. Ushauri huo kwao si mbaya, maana wengi wa nyoka hao siku hizi wanazaliwa huko huko mikononi mwa wafugaji. Sisi tulibaki na kuwatoa porini. Mwaka 2016 serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Mwaka 2022 ilitangaza kuufungua kwa miezi sita, wananchi wakapiga kelele, na tangazo likasimamishwa. Nilifurahi, nasema wazi.

Kwa hiyo kijana akishasikiliza yote hayo na bado ana hamu, namtajia nyoka yule yule wa mvulana wa Mnazi Mmoja. Kisayansi yuko katika jenasi ya Boaedon, na kwa lugha ya kawaida ni nyoka wa nyumbani. Hana sumu. Jike, ambaye ni mkubwa kuliko dume, hufika mita moja hivi. Hutembea usiku na hula panya na mijusi, ndiyo maana anakaa tunapokaa: nyuma ya magunia ya mchele, chini ya mabati, kwenye kuta za stoo. Sokoni Kariakoo huuawa kwa ufagio na mtu ambaye usiku uliopita alikuwa analalamika kwamba panya wamemmalizia unga. Akifugwa huridhika na sanduku linalofungika vizuri, maji safi, mahali pawili pa kujificha, na panya mmoja kila wiki au siku kumi. Huishi zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo anayeanza kidato cha tatu ajue atakuwa naye hata baada ya kuoa.

Mla mayai namkatalia anayeanza, ingawa ndiye mpole kabisa, karibu hana meno. Hula mayai ya ndege tu, tena mabichi na madogo, na asipoyapata hufa njaa mbele ya macho yako. Chatu namkataa kwa sababu nilizokwisha kusema. Anaanguliwa na urefu wa nusu mita, anapendeza, na baada ya miaka michache ni mita tatu na anahitaji watu wawili.

Halafu kuna jambo ambalo mzee alilijua na simu haisemi. Kuna nyoka mwingine mdogo wa rangi ya kahawia nzito au nyeusi, wa jenasi ya Atractaspis, anayechimba ardhini na kutoka juu mvua ikinyesha. Meno yake ya sumu hutokea pembeni mwa mdomo bila ya kuufungua. Ukimshika nyuma ya kichwa, kama vitabu vinavyofundisha, anakuchoma kidole ukiwa umemshika. Dawa ya kuizima sumu yake haipo. Watu huumizwa naye wakidhani wameokota nyoka wa nyumbani. Ndiyo maana mwanafunzi hakuachiwa kujiokotea. Nyoka alipita kwanza kwenye macho ya aliyejua.

Sheria nayo siku hizi imekaa mlangoni. Nyoka wa porini ni wanyamapori, na chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 anayetaka kufuga lazima awe na kibali. Huwapa vijana kazi kabla ya kibali. Waende Meserani, karibu na Arusha, ambako bustani ya nyoka ipo tangu miaka ya 1990 na kuna kliniki inayotibu walioumwa, wakae na wanaohudumia nyoka. Wakirudi nawauliza kuhusu wale wawili wa kahawia. Wa nyumbani ana shingo nyembamba kuliko kichwa, jicho kubwa, na mstari hafifu unaopita juu ya jicho. Yule wa ardhini kichwa na shingo vina upana mmoja, macho ni madogo mno, mkia mfupi wenye ncha kali. Anayeweza kunitofautishia hao usiku kwa mwanga wa tochi, akiwa amesimama mbali na mikono nyuma, ndiye ninayemwandikia barua ya kupeleka kwenye ofisi inayotoa kibali.