Akili na uzee

Akili ya mtu haichakai yote kwa mkupuo mmoja. Kasi ya kufikiri huanza kupungua mapema, tangu ujana wa miaka ya ishirini na thelathini, wakati msamiati na maarifa ya kazi huendelea kuongezeka mpaka miaka ya sitini hivi. Raymond Cattell, mwanasaikolojia, alizitenga mbili hizo katika miaka ya 1940: akili ya kufumbua jambo geni papo hapo, na akili iliyojengwa na mafunzo na mazoea. Mwanasaikolojia mwingine, K. Warner Schaie, alianza mwaka 1956 kuwapima watu wa Seattle, Marekani, akiwarudia wale wale kila baada ya miaka saba. Ilidhihirika kwamba waliowalinganisha vijana na wazee kwa siku moja walikuwa wamewaonea wazee: sehemu ya pengo ilitoka kwenye elimu na malezi ya kila kizazi.

Jambo hilo lina uzito Konde, mji mdogo wa Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba. Elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar Septemba 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi. Aliyevuka miaka 80 leo alikuwa tayari mtu mzima wakati huo; huenda darasa lake lilikuwa chuo cha Kurani tu, akihifadhi aya kwa kusikia na kurudia. Mpe kalamu umwambie achore maumbo yaliyopishana, kama vipimo vingi vya hospitali vinavyotaka, naye ataonekana hana akili. Kumbe ni kalamu tu hakuizoea.

Kipimo kinachokwepa kosa hilo kilitengenezwa Tanzania bara, Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na watafiti wa Kitanzania na Kiingereza, na kinaitwa IDEA. Mzee huonyeshwa njiti nne za kiberiti zilizopangwa umbo fulani, kisha hupewa zake nne apange vivyo hivyo. Huulizwa daraja ni kitu gani, leo siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani. Hutaja wanyama kwa dakika moja, na mwisho hukumbuka maneno kumi aliyosomewa awali. Hakuna kusoma wala kuandika. Pemba, bila shaka, swali la kiongozi lingekuwa la sheha, yaani kiongozi wa eneo. Huko Hai, utafiti uliowachunguza watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi ulikadiria kuwa takriban asilimia 6.4 yao walikuwa na demenshia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na uamuzi.

Kinachobaki uzeeni huonekana msimu wa karafuu. Vijana hupanda mikarafuu kuchuma. Mzee huachiwa majamvi ya kuanikia. Huchota kiganja kimoja, akaivunja karafuu moja kwa kucha: ikikatika kwa mlio imekauka, ikipinda hurudishwa juani. Mvuvi wa kijiji cha Tumbe naye huuliza mwezi una siku ngapi, na jawabu humtosha kujua kama ni bamvua au maji mafu, na maji yatajaa saa ngapi, kwa sababu kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika hamsini. Mtu huyo huyo anaweza kusahau alipoiweka simu asubuhi. Mwanasaikolojia Timothy Salthouse alionyesha mwaka 1984 namna uzoefu unavyofidia kasi inayopungua: wapiga chapa wenye umri mkubwa, vidole vikiwa vizito, waliendana na vijana kwa kusoma herufi nyingi zaidi mbele.

Kusahau jina likarudi baadaye ni kawaida. Kupotea njia ya msikiti uliouendea miaka arubaini si kawaida, wala kuuliza swali lile lile mara tano kwa saa moja. Hai, watafiti walikuta jamaa wengi wakiyahesabu mambo hayo kuwa uzee, na kwa hiyo mgonjwa huenda asipelekwe hospitali. Ni hasara kubwa, kwa kuwa mengine hutibika: upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya shingo, hata sonona, vyote huiga demenshia. Kamisheni ya jarida la Lancet ilitaja mwaka 2024 sababu 14 zinazoweza kudhibitiwa, zikiwemo shinikizo la damu, kisukari, uziwi na macho yasiyotibiwa, na kukadiria kuwa karibu asilimia 45 ya demenshia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Presha ndiyo ya kuanzia, maana mara nyingi haina dalili na kipimo chake ni mkanda wa mkononi.

Kuna hali moja isiyongoja. Mzee aliyekuwa timamu juzi, leo hawatambui wanawe, anaona watu wasiokuwepo, mara amezubaa mara amepandwa na hasira: huyo hajazeeka kwa siku mbili. Mara nyingi ni maambukizi ya mkojo au mapafu, malaria, ukosefu wa maji mwilini, au dawa mpya aliyoanzishwa, na hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo pamoja na dawa zote anazotumia.