Kioo cha Kompyuta na Wasioona

Mwaka 1978 Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa mwendesha pikipiki wa mashindano, alipokuwa akiendesha gari huko Uingereza, ambako magari hupita kushoto, alishika upande wa kulia kwa mazoea ya kwao, akagongana ana kwa ana na gari jingine, na ajali hiyo ikamwondolea nuru ya macho. Akarejea masomoni, akasoma elimu ya kompyuta kwa kusomewa na wengine. Na mwaka 1987 yeye na Bill Joyce, ambaye naye hakuwa akiona, wakaanzisha kampuni huko Florida, iliyokuja kuwa mashuhuri kwa JAWS, programu yake ya kumsomea kwa sauti asiyeona yaliyomo kiooni.

Zama hizo kioo cha kompyuta hakikuwa na kitu ila maandishi: mistari 25, kila mmoja wenye nafasi 80, na kila herufi imehifadhiwa mahali pake maalumu katika kumbukumbu ya mashine. Programu iliichukua herufi humo, ikaikabidhi kwa chombo cha sauti, nacho kikatamka. Njia hiyo ilikwisha kutumiwa na Jim Thatcher wa IBM, mwanahisabati ambaye mwalimu wake, Jesse Wright, alikuwa kipofu. Na sidhani kuwa hilo lilitokea kwa sadfa.

Ndipo ikaja balaa ambayo wenye macho waliiita neema. Windows ilipoenea, herufi hazikuhifadhiwa tena kama herufi, bali zilichorwa kwa vidoa vya rangi, hata neno la amri likawa, mbele ya programu ya kusoma, halina tofauti na picha ya ua. Wasioona waliokwisha kupata ajira maofisini waliingiwa na hofu, wala haikuwa hofu ya bure. Hikima iliyowaokoa yastahili kusifiwa: mafundi walizivizia amri za kuchora kabla hazijafika kiooni, na kwa amri hizo wakatunga, ndani ya mashine, daftari la siri lenye kila neno na mahali lilipo, ili sauti isome daftari badala ya kioo. JAWS ya Windows ilitoka mwaka 1995.

Lakini bei yake, takriban dola 1,000, ilikuwa sawa na kumtoza mtu ushuru kwa upofu wake. Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, hakuiridhia hali hiyo. Mwaka 2006 akaanza kuandika NVDA, programu ya kazi iyo hiyo, kisha akaungana na James Teh, sahibu yake tangu utotoni, naye pia kipofu, wakaitoa bure kwa kila aitakaye. Sauti waliyoitia ni eSpeak, kazi ya Jonathan Duddington, iliyo nyepesi na yenye lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, ijapokuwa lafudhi yake ingemchekesha mtoto yeyote wa Mvita.