Kabla hujakata: mwongozo wa kuhariri video, na kosa lililonifunza Majengo

Kwa miaka kadhaa sasa nafanya kazi ya kuhariri video katika mitaa ya Eastlands, Nairobi. Meza yangu iko Buruburu, lakini kazi hutoka kila upande: harusi za Eastleigh, mawaidha ya Majengo, mpira wa Kaloleni, nyimbo za vijana wa Umoja na Dandora. Kila nikishuka Mombasa, vijana wetu huniuliza maswali yale yale. Ninunue kompyuta gani? Nitumie programu gani? Je, akili bandia itatunyang'anya kazi?

Makala haya ni jibu langu kwao. Nimeyapanga kwa utaratibu wa kazi yenyewe, ili mtu aweze kurudi kwenye sehemu anayoihitaji. Naanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha mengi kuliko mitambo yote niliyowahi kununua.

Neno moja la mzee

Majengo ya Pumwani wasomaji wengi wanaijua. Ni mtaa wa tangu miaka ya 1920, na mpaka leo Kiswahili chake kina harufu ya pwani. Familia moja ya huko iliniomba nihariri mahojiano ya babu yao, mzee wa zaidi ya miaka themanini, akisimulia habari za nyumba yao. Maongezi yalikuwa ya saa mbili, nao walitaka dakika ishirini tu.

Nilikuwa na kazi nyingi wiki ile. Nikaipitisha sauti kwenye programu inayogeuza maneno kuwa maandishi, nikachagua sehemu kwa kusoma maandishi badala ya kusikiliza, kisha nikabonyeza kitufe cha kuondoa vimya vyote. Kazi ya siku mbili ikaisha kwa mchana mmoja. Nikatuma.

Usiku simu ikalia. Alikuwa mjukuu wake. "Kaka, babu hakusema hivyo."

Mzee aliulizwa kama nyumba aliiuza kwa nduguye. Alinyamaza kidogo, kisha akajibu: "Sikuiuza. Nilimpa akae." Mtambo ukaandika "Nikaiuza", na neno hilo ndilo lililopita chini ya picha. Sauti yake ilikuwa ya chini, matatu zilikuwa zinapiga honi nje, na mwenye kusikiliza kwenye simu huamini anachokisoma. Ndani ya ukoo kulikuwa na mvutano juu ya nyumba hiyo. Video ilikwisha ingia kwenye kundi la WhatsApp la familia, na ami mmoja alishaishika kama ushahidi.

Ilinibidi niende Majengo, nimpe mzee shikamoo, niombe radhi mbele ya wanawe, kisha niirudie kazi yote bila malipo. Mzee hakunigombeza. Aliniambia tu: "Mwanangu, pale nilinyamaza kwa sababu nilimkumbuka ndugu yangu. Wewe ukaona ni pahali patupu."

Tangu siku hiyo nafuata hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza: kunasa vizuri

Mhariri mzuri hawezi kuokoa kila kitu. Mambo matatu huharibika wakati wa kupiga picha, na kuyatengeneza baadaye ni taabu.

La kwanza ni mwanga wa taa. Stima ya Kenya ni ya hezi 50, kwa hivyo taa nyingi za nyumbani na za ukumbini huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera huona. Simu nyingi zimepangwa kunasa fremu 30 kwa sekunde, na ndiyo maana harusi nyingi za usiku zina mistari inayotambaa ukutani. Panga kamera fremu 25 kwa sekunde, na kasi ya shata 1/50. Kama ni lazima utumie fremu 30, weka shata 1/50 au 1/100, na ile mistari aghalabu hutoweka.

La pili ni idadi ya fremu inayobadilika. Simu hupunguza na kuongeza fremu yenyewe kulingana na mwanga na joto lake. Ukileta faili kama hiyo kwenye programu ya kuhariri, baada ya dakika kumi utaona midomo inasema kitu na sauti kingine. Ipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure, na uchague idadi thabiti ya fremu, ile ile iliyotumiwa kunasa.

La tatu, na kubwa kuliko yote, ni sauti. Mtazamaji husamehe picha yenye chengachenga lakini hasamehi sauti asiyoisikia. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kanzu au kwenye mtandio ina faida kuliko kamera mpya. Nasa kwa kilohezi 48, na acha nafasi: mazungumzo yafike kati ya desibeli -12 na -6, yasiguse sifuri. Ukitumia kinasa sauti cha pembeni, piga kofi moja mbele ya kamera. Kofi lile ndilo litakalokusaidia kuoanisha picha na sauti.

Hatua ya pili: kuhifadhi

Kanuni yake ni nyepesi: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine kabisa. Katika mitaa yetu stima hukatika bila hodi na laptopu huibwa. Mimi huwa na nakala moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na moja nyumbani kwa rafiki mtaa mwingine. Usifute kadi ya kamera mpaka nakala mbili ziwe zimefunguka na umezitazama. Harusi hairudiwi.

Hesabu nafasi mapema. Kamera inayonasa kwa megabiti 100 kwa sekunde hutumia megabaiti 750 kwa dakika moja, yaani gigabaiti 45 kwa saa. Harusi ya saa sita yenye kamera mbili ni zaidi ya gigabaiti 500, na hapo hujazidisha nakala.

Hatua ya tatu: faili nyepesi za kufanyia kazi

Hapa ndipo jibu la swali la kompyuta lilipo. Vijana wengi huazima pesa wanunue mashine ya bei kubwa kwa sababu ile waliyonayo inakwama kwenye picha za 4K. Mara nyingi haihitajiki. Tengeneza proksi, yaani nakala ndogo ya kila klipu, kwa mfano ya megabiti 10 kwa sekunde. Ile saa moja ya gigabaiti 45 inakuwa gigabaiti 4.5. Unakata na kupanga kwenye nakala hizo, na ukimaliza programu inarudi kwenye faili za asili kutoa kazi kamili. DaVinci Resolve hufanya hivi hata katika toleo lake la bure, na Premiere Pro pia. CapCut inafaa kwa video fupi za simu, lakini kwa kazi ya saa nzima yenye kamera mbili, jifunze moja kati ya hizo mbili za kwanza.

Hatua ya nne: kukata

Mkato ndio moyo wa kazi. Aina za kuanzia ni nne.

Mkato katikati ya kitendo: bwana harusi anainua mkono kutia sahihi, unakata kwenda picha ya karibu mkono ukiwa bado unakwenda. Jicho linafuata mkono wala halioni mkato.

Sauti kutangulia picha: tunaanza kusikia adhana ya Majengo tukiwa bado tunaona barabara ya Jogoo, kisha picha ya msikiti inafuata. Mtazamaji anavutwa, hasukumwi.

Sauti kubaki nyuma: mzee anaendelea kuzungumza, sisi tunamtazama mjukuu anayesikiliza. Mara nyingi uso wa msikilizaji husema zaidi ya uso wa msemaji.

Picha ya kufunika: umeondoa sehemu ya maneno na picha imeruka, basi unaweka juu yake picha ya mlango, mikono au barabara. Hapa pana hatari. Picha ya kufunika huficha mkato, na anayetazama hajui kwamba sentensi mbili alizozisikia zimeunganishwa na wewe. Ni halali kufupisha. Si halali kumfanya mtu aseme ambacho hakukisema.

Walter Murch, mhariri wa filamu wa Marekani aliyehariri Apocalypse Now, aliandika katika kitabu chake In the Blink of an Eye mambo sita ya kupima mkato. Hisia aliipa asilimia 51 peke yake. Hadithi aliipa 23, mwendo 10, na yaliyobaki akagawanya kidogo kidogo. Nilisoma hayo zamani nikayakariri kama mtihani. Niliyaelewa pale mzee aliponiambia kuhusu kimya chake.

Wakenya wenzetu wameshaonyesha uzito wa kazi hii. Mwaka 2020, filamu ya Softie ya Sam Soko, inayofuata safari ya Boniface Mwangi kugombea ubunge wa Starehe mwaka 2017, ilipewa tuzo maalumu ya uhariri kwenye tamasha la Sundance. Ilitokana na picha zilizokusanywa kwa miaka. Kilichotuzwa ni ule uamuzi wa nini kibaki na nini kitoke.

Hatua ya tano: rangi na sauti ya mwisho

Kwa rangi, kanzu nyeupe ni rafiki yako. Ikiwa kanzu inaonekana ya manjano au ya buluu, rekebisha mpaka iwe nyeupe, na ngozi ya mtu itakaa sawa yenyewe kwa kiasi kikubwa. Tazama pia kipimo cha mwanga, usitegemee kioo pekee: mishono ya kanzu isipotee kwenye weupe, na mikunjo ya buibui isizame kwenye weusi. Bwana na bibi harusi wakisimama pamoja, hapo ndipo fundi hupimwa.

Kwa sauti, YouTube hushusha chochote kinachozidi takriban LUFS -14, kwa hivyo kupiga kelele hakukusaidii. Redio na runinga za Ulaya hutumia LUFS -23. Muziki uwe chini ya maneno, na kwa kasida au mawaidha, muulize mwenye shughuli kabla ya kuongeza ala yoyote.

Hatua ya sita: maandishi na akili bandia

Sitamwambia mtu asitumie mitambo hii. Whisper, iliyotolewa na OpenAI mwezi Septemba 2022, ni ya bure, inaweza kufanya kazi kwenye kompyuta yako bila bando, na inakijua Kiswahili. Kwa kutafuta mahali mzee alipotaja mwaka fulani ndani ya saa mbili, hakuna msaada mkubwa kuliko huo.

Lakini jua mipaka yake. Inakosea zaidi kwa Kiswahili kuliko kwa Kiingereza. Kimvita, Kiamu na Sheng huivuruga. Na pale penye kimya inaweza kubuni maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Lugha yetu hubeba maana nzito kwenye silabi moja: "si" na "ni", "ku" na "ka". Kosa la herufi mbili limegeuza mwenye nyumba kuwa muuzaji.

Kwa hivyo najiwekea masharti manne. Maandishi ya mtambo ni ya kutafutia, si ya kutolea. Kila neno linalopita chini ya picha nalisikiliza kwa masikio yangu. Kila kikanushi, jina, tarehe na kiasi cha pesa nakisikiliza mara mbili. Na vimya siviondoi kwa kitufe. Navipitia kimoja kimoja nikijiuliza kama ni mtu anatafuta neno au ni mtu anakumbuka.

Kuhusu kutengeneza sauti au uso wa mtu kwa mtambo ili kuziba pengo, mimi sifanyi, hata mwenyewe akikubali. Pengo ni bora kuliko maneno ya kubuni.

Hatua ya saba: idhini

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu picha na habari za mtu kuwa mali ya kulindwa, na kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye wa kukubali. Zaidi ya sheria, pana adabu. Kabla ya kutuma kazi, sasa naketi na aliyezungumza, tunaitazama pamoja toka mwanzo hadi mwisho. Kwa video ya dakika ishirini ni nusu saa ya muda wangu.

Basi kwa wale wanaoniuliza kama akili bandia itatunyang'anya kazi: ile sehemu ya kubonyeza na kupanga, mtambo umeshaichukua, na tuuachie. Sehemu iliyobaki ni kusikiliza, na hiyo haina kitufe. Mzee wa Majengo alipoitazama video ya pili nyumbani kwake, ilipofika pale aliponyamaza, chumba kizima kilinyamaza naye. Ami yule alikuwepo. Video ilipoisha ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyanyuka na kwenda kumshika babu mkono.