Mkebe wa Mchango na Ujira wa Mwenye Kuubeba

Katika mwaka unaoelezwa na kitabu hiki shauri moja lililetwa mbele ya halmashauri yetu, nalo halikumalizika. Sasa linakuja mbele ya mkutano mkuu. Shauri lenyewe ni hili: je, chama kiajiri vijana wa kuzunguka na mikebe katika vituo vya matatu na katika soko la Mutindwa, wakusanye fedha za mfuko wa misiba na karo, kisha wachukue fungu la kile watakachokusanya? Wako waliosema kwamba mwenye kufanya kazi hana budi kulipwa. Wako waliosema kwamba sadaka haina dalali. Maneno yote mawili ni mazito. Kwa kuwa jambo hili si jipya duniani, wala si jipya katika Nairobi, nimeombwa nieleze kwa ufupi lilivyokwenda zamani, ili tutakapopiga kura tupige tukiwa na habari.

Yafaa kwanza tuondoe dhana moja. Wengi hudhani kwamba kumlipa mkusanyaji wa sadaka ni uvumbuzi wa siku hizi. Sivyo. Ndugu zetu Waislamu wajua kwamba Kurani, katika Sura ya 9, aya ya 60, yataja mafungu manane ya wanaostahili zaka, na fungu moja ni la wale wanaoikusanya. Basi ujira wa mkusanyaji umetambuliwa kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu. Lakini mapokeo ya dini hiyo hiyo yamehifadhi habari ya mkusanyaji mmoja aliyerudi kwa Mtume, akaitenga mali mafungu mawili, akasema kwamba hili ni la umma na hili nimezawadiwa mimi. Mtume hakulipokea neno hilo. Aliwauliza watu kama zawadi hizo zingalimfikia mtu yule lau angalikaa nyumbani kwa wazazi wake. Kwa upande wa Wakristo, Paulo katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho, mlango wa 8, aeleza kwamba mchango wa makanisa hakuushika peke yake. Alifuatana na ndugu waliochaguliwa, ili asiwepo mtu wa kumlaumu. Katika habari hizo tunapata misingi miwili: ujira wa mkusanyaji si aibu ikiwa umepangwa na kujulikana, na fedha za watu hazishikwi na mkono mmoja gizani.

Tukirudi kwetu, vyama vya Waafrika katika Nairobi vilizaliwa na mchango. Watu waliokuja kutafuta kazi, wakakaa Pumwani, Muthurwa na Shauri Moyo, na baadaye Kaloleni, walikuwa mbali na koo zao. Mtu akifa, hapana budi sanduku linunuliwe na gari litafutwe la kumpeleka kwao. Mzee wa chama alipita chumba hadi chumba na daftari lake, akaandika jina na kiasi. Yeye mwenyewe aliandikwa wa kwanza. Mchango huo haukuhitaji sheria ya serikali, kwa sababu kila mtoaji alimjua mkusanyaji, akajua alikolala, na akajua kwamba msiba wa kesho waweza kuwa wake.

Kwa njia kama hiyo mambo makubwa yalitendeka. Mwaka 1929 chama cha Kikuyu Central Association kilimpeleka Johnstone Kenyatta mpaka London kwa fedha zilizochangwa na wanachama. Chuo cha ualimu cha Githunguri, kilichofunguliwa mwaka 1939, kilisaidiwa na michango ya marika, kila rika likishindana na jingine. Mwaka 1947 Oginga Odinga na wenzake walianzisha shirika la Luo Thrift and Trading Corporation, wakazunguka wakiwashawishi watu kununua hisa, na matunda yake yakaonekana katika jengo la Ramogi House mjini Kisumu. Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi, alipouawa mwaka 1953, Luo Union walichanga wakajenga ukumbi wa kumkumbuka Kisumu, na jina lake likabaki huku kwetu Eastlands katika mitaa ya Ofafa. Mwaka 1959, Tom Mboya alipopeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja, jamaa nyingi zilitafuta fedha za matumizi kwa kufanya karamu za chai na kupokea shilingi za jirani. Hatusemi kwamba watu wa zamani walikuwa malaika. Twasema kwamba mkusanyaji alikuwa na uso uliojulikana, na deni lake kwa watu halikuisha siku alipofunga daftari.

Huko Uingereza miji mikubwa iliona mapema shida ambayo sisi tunaiona leo. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, vibendera na maua ya karatasi viliuzwa barabarani kwa ajili ya majeruhi na wakimbizi, na wadanganyifu wakaingia kati yao. Mwaka 1916 bunge lilitunga sheria za kuyatawala makusanyo hayo. Mwaka 1939 ikatungwa sheria ya makusanyo ya nyumba kwa nyumba, ambayo ilimruhusu mkubwa wa mahali kukataa kutoa cheti ikiwa malipo ya wahusika yazidi kiasi, au ikiwa fedha zitakazowafikia wahitaji ni chache mno zikilinganishwa na zilizokusanywa. Kanuni za mfano za mwaka 1974, kwa makusanyo ya barabarani, zilikaza zaidi: mkusanyaji asilipwe chochote. Kenya nayo ilipata Sheria ya Makusanyo ya Umma, Sura ya 106, mwaka 1960, kwa kusudi hilo hilo la kuwafanya wakusanyaji waombe ruhusa kabla ya kuunyosha mkono.

Uhuru ulipokaribia, tarehe 1 Juni 1963, Mzee Kenyatta aliwapa wananchi neno Harambee, na shule, zahanati na mabwawa yakajengwa kwa nguvu za watu. Sifa hiyo isisahauliwe. Lakini hata jambo jema lina kivuli chake. Miaka ilivyopita, kadi za michango zilizungushwa maofisini na wakubwa, na mdogo hakuweza kukataa. Vijijini wako waliochukuliwa kuku au mbuzi kwa kushindwa kutoa. Mkusanyaji hakulipwa mshahara kwa kazi hiyo, lakini alilipwa kwa cheo na kwa kura. Mwaka 2003 tume iliyoongozwa na Koigi wa Wamwere ililichunguza jambo hili, na mwaka huo huo Sheria ya Maadili ya Maofisa wa Umma ikamkataza ofisa kutumia cheo chake kuwashurutisha watu watoe. Mwezi wa Julai 2024 Rais alitangaza kwamba maofisa wa serikali wasishiriki tena katika harambee. Funzo la habari hii ni kwamba kutolipwa peke yake hakumfanyi mkusanyaji kuwa mwadilifu. Shuruti yaweza kutoka kwa mtu asiyepokea hata senti.

Sasa tuje kwa wakusanyaji wa kulipwa wa siku hizi. Mwaka 1995, huko Austria, shirika la Greenpeace lilianza kutumia vijana wa kuajiriwa waliosimama barabarani, na desturi hiyo ikaenea Uingereza na nchi nyingine. Vijana hao hawabebi mkebe. Humwomba mpita njia atie sahihi ili benki yake itoe kiasi fulani kila mwezi. Kwa kuwa hawapokei sarafu, kanuni ile ya zamani ya kutomlipa mkusanyaji haikuwagusa. Kampuni iliyowaajiri hulipwa na shirika kwa kila mtoaji anayepatikana, hata fedha za miezi mingi ya kwanza zaweza kumalizika katika malipo hayo. Wenye kuitetea kazi hii husema kwamba hiyo ni mbegu: mtoaji akidumu miaka mitatu au minne, shirika litavuna kuliko lilivyopanda. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Lakini mtoaji anaposimamishwa njiani hudhani kwamba shilingi yake yaenda moja kwa moja kwa mgonjwa. Ndiyo maana sheria ya Uingereza ya mwaka 1992 ilimtaka mkusanyaji wa kulipwa amwambie mtoaji habari za malipo yake.

Marekani ilishika njia nyingine. Mwaka 1988 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikataa sheria ya jimbo la North Carolina iliyoweka kipimo cha malipo ya wakusanyaji, ikasema kwamba kuomba sadaka ni sehemu ya uhuru wa kusema. Lakini mwaka 2003, katika kesi ya kampuni iliyowakusanyia fedha askari wa zamani wa vita vya Vietnam huku ikibakiza senti 85 katika kila dola, mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba mwenye kuwadanganya watoaji juu ya mwendo wa fedha zao aweza kushtakiwa. Basi hata pale ambapo ujira umeachwa huru, uwongo haukuachwa huru.

Nasi wa Umoja tuko wapi? Mtaa wetu ulijengwa na Halmashauri ya Jiji katika miaka ya 1970, kwa mkopo uliodhaminiwa na serikali ya Marekani, nyumba zikiwa za chini na majirani wakijuana. Leo maghorofa yamepanda kila upande, na mtu aweza kukaa miaka miwili bila kujua jina la aliye juu yake. Desturi ya daftari na uso unaojulikana imepungua nguvu. Mpesa, iliyoanza mwaka 2007, imetusaidia sana. Mwaka 2011, katika ukame wa kaskazini, wananchi waliombwa shilingi milioni 500 katika wiki nne, wakazipita. Lakini kituoni tunakutana na kijana mwenye picha ya mtoto mgonjwa shingoni, wala hatujui kama mtoto huyo yuko, wala nani atauhesabu mkebe jioni. Wengi hupita wakiwa wameinamisha macho. Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote: mkebe mmoja wa uwongo huufunga mkono uliokuwa tayari kuijaza mikebe kumi ya kweli.

Hata hivyo yafaa tuwe waadilifu kwa vijana wetu. Wale wanaosema kwamba kazi ya chama ifanywe bure, wakumbuke ni nani ambaye ameifanya bure miaka hii yote. Mara nyingi ni kina mama, ambao baada ya kufunga vibanda vyao hupita milango usiku. Kijana asiye na kazi, akishinda juani siku nzima kwa ajili ya chama, arudi nyumbani na nini? Kumnyima chakula chake si kulinda sadaka.

Ubaya basi si ujira. Ubaya ni fungu. Anayelipwa fungu la mkebe hujifunza upesi kwamba machozi yana bei, na kwamba mwenye kusema hapana ni mtu wa kufuatwa mpaka mlangoni mwa matatu. Tena mtoaji wa shilingi 100 ambaye 30 zimebaki kwa mkusanyaji bila kujua, amefanywa mwajiri bila kuulizwa.

Kwa hiyo naweka haya mbele ya mkutano. Wakiajiriwa vijana, walipwe posho ya siku iliyo sawa, mkebe ujae usijae, na posho hiyo itoke katika ada za wanachama, isitoke katika mkebe. Kwanza ruhusa ya serikali ipatikane. Kila mmoja avae kitambulisho, atoe stakabadhi yenye nambari, na akiulizwa kama analipwa aseme ndiyo. Picha ya mtoto isibebwe bila idhini ya wazazi. Mkebe ufunguliwe mbele ya watu watatu, na hesabu ibandikwe ukutani kabla ya mwezi kwisha. Ikiwa ada zetu hazitoshi kulipa posho hiyo, basi tupite wenyewe na daftari, ngazi kwa ngazi, kama walivyofanya waliotutangulia. Fedha ya mchango ni amana, na mwenye amana ni yule aliyeitoa mpaka imfikie aliyekusudiwa.