TEZI DUME ILIYOSINGIZIWA: Dawa za Kulegeza Misuli Zilivyoingia Kwenye Maumivu ya Nyonga

Zamani mwanaume akienda hospitali na maumivu yasiyoisha kati ya korodani na njia ya haja kubwa, mkojo unamsumbua na tendo la ndoa linamwachia maumivu, jibu lilikuwa moja tu: tezi dume ina bakteria, meza antibiotiki. Zikiisha bila nafuu, anaongezewa nyingine.

Mwaka 1968 madaktari wawili wa Marekani wakaja na kipimo cha vikombe vinne. Unakojoa kidogo cha kwanza, kidogo cha pili, daktari anakanda tezi kwa kidole apate majimaji yake, halafu unakojoa tena. Zoezi la aibu, lakini lilifichua jambo. Kumbe wengi hawakuwa na bakteria kabisa! Ilipofika 1978 wale wasio na bakteria wala usaha wakapewa jina la prostatodinia, yaani maumivu ya tezi dume. Jina zuri, tiba hakuna.

Mwaka 1979 madaktari wa Mayo Clinic wakahoji: je, kama tezi inasingiziwa tu, na kinachouma ni misuli ya chini ya nyonga iliyokaza kama ngumi?

Hapo ndipo baclofen inapoingia. Dawa hii ilitengenezwa Uswisi mwaka 1962 kwa ajili ya kifafa. Kwenye kifafa ikachemsha, ila ikaonekana inalegeza misuli iliyokakamaa. Mwaka 1981 watafiti Uingereza wakaijaribu kwa wagonjwa wa prostatodinia, pamoja na phenoxybenzamine, inayolegeza shingo ya kibofu, na vidonge visivyo na dawa. Vidonge hivyo vilishika mkia. Phenoxybenzamine ikaongoza, japo ilileta kizunguzungu na kukausha shahawa, baclofen ikafuata.

Lakini lilikuwa jaribio dogo, la watu 27 tu, na si kila mmoja alipata nafuu. Baclofen nayo ina masharti yake: inaleta usingizi, na aliyeizoea akiiacha ghafla anaweza kupata degedege na kuona vitu ambavyo havipo.

Antibiotiki zenyewe zilifikishwa kwenye mizani mwaka 2004. Wanaume 196 wenye maumivu sugu walifuatiliwa kwa wiki sita huko Amerika Kaskazini. Ciprofloxacin haikuvishinda vidonge visivyo na dawa. Tamsulosin, nayo ya kulegeza shingo ya kibofu, pia haikuvishinda. Wengi wao walikuwa wameshatibiwa kwa dawa za aina hizo hizo kabla.